Vioo vya Volkano Katika Vilindi vya Bahari: Kufundisha Jambo Lisiloonekana kwa Macho

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aliyepangiwa shule iliyo karibu na ufuko, kusini ya mji wa Mtwara, aliletewa jiwe na mtoto wa darasa la tano. Jiwe lilikuwa la rangi ya kijivu, limejaa vitundu kama mkate wa kumimina, na mtoto alitaka kujua kwa nini lilikuwa likielea katika ndoo ya nyumbani kwao. Mwanachuo alijibu bila kusita kwamba lile lilikuwa tumbawe lililokauka. Mtoto akakaa chini. Mimi nilikuwa nyuma ya darasa na daftari langu la ukaguzi, nami niliandika kwamba hapo somo la wiki nzima lilikuwa limefungiwa mlango.

Simlaumu mwanachuo yule. Watu wengi wa mwambao huu wameokota mawe ya namna hiyo, na wengine huyatumia kusugulia visigino, pasipo kuuliza yametoka wapi. Lakini jibu lake lingeweza kupimwa palepale. Kipande cha tumbawe kikitiwa majini aghalabu huzama. Jiwe lile lilielea. Laiti vitu hivyo viwili vingetiwa katika ndoo moja mbele ya watoto, ndoo ingalitoa hukumu yake, na hakuna ambaye angepoteza heshima kwa hukumu ya ndoo.

Jiwe lile huitwa pumisi, nalo kwa hakika ni kioo. Hapa ndipo wanachuo wengi hukunja uso, kwa kuwa kioo wanachokijua ni cha dirisha na cha chupa. Basi tuanze mbali kidogo. Ndani ya volkano mna mwamba ulioyeyuka, na ndani ya mwamba huo mna mvuke na gesi zilizobanwa, kama zilivyobanwa gesi katika chupa ya soda. Mwamba huo unapopanda juu, mgandamizo hupungua, gesi hutanuka kwa ghafla, na kitu chote huwa povu. Povu hilo likirushwa hewani hupoa upesi mno hata chembe zake hazipati nafasi ya kujipanga na kuwa fuwele. Mwamba unaoganda bila kupata kujipanga ndio kioo. Ukiganda na mapovu yake yamefungika ndani, huwa pumisi, na pumisi huelea. Mapovu yakipasuka kabla ya kuganda, hubaki vigae vidogo vilivyopinda, ambavyo ndivyo kuta za mapovu yaliyovunjika. Vigae hivyo ndivyo chembe za kioo cha volkano, na nyingi kati ya zile zinazosafiri mbali hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Mtwara hakuna volkano. Mwanafunzi aweza kutembea kutoka Mikindani hadi Msimbati, na kutoka Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, asione ila mchanga, mikoko, na miamba ya matumbawe ya kale. Jiwe lile basi lilitoka ng'ambo, na njia yake si vigumu kuionyesha katika ramani. Katika Bahari ya Hindi upo mkondo mkubwa unaotiririka kutoka mashariki kwenda magharibi, uitwao Mkondo wa Ikweta wa Kusini. Mkondo huo huvuka bahari, hupita kaskazini ya Bukini, na huja kugonga pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, yaani jirani kabisa na mlango wa Ruvuma. Hapo hugawanyika: sehemu moja hupanda kaskazini kupitia Mtwara, Kilwa na Zanzibar, nyingine hushuka katika Mlango-Bahari wa Msumbiji. Wapo walimu wanaolalamika kwamba wamepangiwa pembe ya nchi isiyo na kitu cha kufundishia. Mtu akiitazama ramani ya mikondo ataona kwamba pembe hiyo ni mlango wa mbele wa bahari nzima.

Ushahidi wa safari hiyo upo katika historia. Tarehe 26 na 27 Agosti 1883 kisiwa cha Krakatoa, kilichopo kati ya Java na Sumatra, kililipuka. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi makubwa yaliyofuata, na mlio wake ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, mbali kiasi cha kilomita 4,800. Pumisi iliyotoka humo ilifunika bahari kama mikeka, ikasukumwa na mkondo pole pole, na mwaka 1884 ikafika ufukweni Zanzibar. Mawe yaliyoanza safari mbele ya pwani ya Java yaliokotwa na watu wa mwambao wetu baada ya kuelea kwa karibu mwaka mzima.

Katika safari hiyo mawe hayo hayakutulia. Yalisuguana usiku na mchana, yakatoa unga, na unga ukazama. Mengine yaliingia maji katika vitundu vyake, yakawa mazito, yakazama mazima. Wakati huohuo majivu yaliyorushwa angani yalikuwa yakianguka juu ya bahari mbali na mlima wenyewe. Hivi ndivyo kioo kinavyofika katika vilindi. Chembe yenye upana wa sehemu tano ya mia ya milimita, ikiachwa izame peke yake katika maji yenye kina cha mita 3,000, huhitaji kwa hesabu muda wa wiki tatu hadi nne kufika chini. Mwanafunzi wa darasa la saba anayejua mwendo, umbali na muda aweza kuifanya hesabu hiyo: mpe mwendo wa milimita moja na nusu kwa kila sekunde, umwache ahangaike mwenyewe na vipimo.

Lakini kabla ya hesabu, mtoto hana budi aone kioo kinavyozaliwa, na jiko la shule latosha. Chukua sukari vijiko vinne vya chakula, uiyeyushe katika sufuria kavu kwa moto mdogo hata iwe ya rangi ya asali. Mimina nusu yake katika sahani ya bati iliyopakwa mafuta kidogo. Ile nusu iliyobaki itie upesi nusu kijiko cha chai cha magadi soda ya kupikia, ukoroge mara mbili tatu. Itafura na kujaa mapovu, nayo uimimine katika sahani nyingine. Ngojea zipoe. Sukari ya kwanza itakuwa angavu, na ukiivunja utaona kingo zake zimepinda na ni kali, kama za chupa iliyovunjika. Ile ya pili ni pumisi ya sukari. Ivunjevunje juu ya karatasi nyeusi, uwape watoto lenzi ya mkono: wataona vigae vilivyopinda na vingine vyenye ncha tatu, mahali yalipokutana mapovu matatu. Umbo hilohilo la ncha tatu ndilo mtaalamu analolitafuta katika hadubini yake.

Siku chache kabla ya hapo, funga uzi katika kijiti, uuning'inize ndani ya glasi ya maji moto yaliyokorezwa sukari mpaka isiyeyuke tena, ukaiache glasi mahali pasipotikiswa. Baada ya wiki moja uzi huota fuwele. Sukari ni ileile. Iliyopewa muda imejipanga, iliyopozwa ghafla imeganda ovyo. Mwanachuo anayeweza kuziweka sahani mbili na uzi mmoja mbele ya darasa hahitaji maneno mengi. Tahadhari yangu ni mbili tu. Sukari iliyoyeyuka huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo sufuria ishikwe na mwalimu peke yake. Tena kamwe usivunje chupa kuonyesha kingo za kioo, hata kama darasa lina adabu namna gani.

Watu wa kwanza kutambua kwa mapana kwamba sakafu ya bahari ina vitu hivi walikuwa wataalamu wa meli ya Kiingereza Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia mwaka 1872 hadi 1876. Walishusha vyombo vyao kwa kamba ndefu mno, na kutoka vilindini, mbali na nchi kavu yoyote, wakapandisha udongo mwekundu uliochanganyika na vipande vya pumisi na chembe za kioo. John Murray, aliyekuwa katika meli hiyo, alishirikiana na A. F. Renard kuandika kitabu kikubwa juu ya mashapo hayo, kikachapishwa mwaka 1891. Kwao jambo la ajabu lilikuwa kule kuwapo kwa kioo mahali pale. Faida yake kubwa ilikuja kuonekana baadaye.

Faida hiyo ni ya tarehe. Ufukweni mawimbi hukoroga kila kitu, na mlangoni mwa Ruvuma tope la mto hufunika kila kitu. Bali katika kilindi kilicho mbali na mito mashapo hulala taratibu, pengine sentimita moja au mbili tu katika miaka elfu, na tabaka la chini daima ni la kale kuliko la juu. Mlipuko mkubwa wa volkano ni jambo la siku chache. Majivu yake yakianguka kwa wakati mmoja baharini, ziwani na nchi kavu, yanaacha mstari mmoja wa siku moja katika vitabu vingi tofauti. Atakayeuona mstari ule mahali pawili atajua kwamba kurasa hizo mbili ziliandikwa pamoja.

Jambo hili watoto hawalielewi kwa kuambiwa. Nimelijaribu kwa njia ya chupa, nami naipendekeza. Kata shingo za chupa mbili za plastiki, uzijaze maji hadi nusu, ukayape makundi mawili ya darasa la sita. Kundi la kwanza litie kijiko kimoja cha mchanga kila siku, kundi la pili litie vijiko viwili vya udongo wa shambani. Siku ya nne, mbele ya wote, mwalimu apite na kunyunyiza kiasi kilekile cha unga wa matofali mekundu katika kila chupa. Makundi yaendelee na kazi yao kwa siku nne nyingine. Kisha zichukue chupa hizo, uzipeleke kwa darasa jingine ambalo halikuwapo, uwaulize: tabaka gani katika chupa hii ni la siku moja na tabaka gani katika ile? Watakaopima kwa rula kutoka juu watakosea, kwa kuwa chupa moja imejaa upesi kuliko nyingine. Baada ya mabishano yao, yupo atakayeuona mstari mwekundu. Mara ya pili punguza unga uwe chini ya punje, hata mstari usionekane, na uwape lenzi watafute. Kazi ya kutafuta chembe zisizofanya tabaka la kuonekana ndiyo ngumu katika taaluma hii, na ndiyo iliyoleta habari nitakazozieleza sasa.

Swali ambalo darasa litauliza ni hili: twajuaje kwamba majivu ya mahali pawili ni ya mlima mmoja? Kila mpishi ana mkono wake. Pilau ya nyumba moja si ya nyumba ya pili ingawa mchele ni uleule. Vivyo hivyo kila volkano, na mara nyingi kila mlipuko, una kipimo chake cha silika, chuma, potasiamu na vinginevyo. Wataalamu huelekeza mwale wa elektroni juu ya chembe moja ya kioo na kupima viungo vyake. Vikilingana vyote, na umbo na umri wa tabaka vikikubaliana, hukata shauri kwamba asili ni moja.

Kwa njia hiyo bahari ilipata kutoa ushahidi katika shauri la binadamu wa kale wa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 meli ya uchimbaji Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Ghuba ya Aden na kupandisha nguzo ndefu za mashapo. Ndani yake mlikuwa na matabaka ya majivu ya volkano. Nchi kavu, huko Koobi Fora kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, na huko Hadar nchini Ethiopia, mifupa ya wahenga wetu ilikuwa imefukuliwa kati ya matabaka ya majivu, na umri wa baadhi ya matabaka hayo ulikuwa ukibishaniwa. Mwaka 1985 Andrei Sarna-Wojcicki na wenzake walitangaza kwamba vioo vya baharini na vya nchi kavu vilikuwa vya milipuko ileile. Kwa kuwa mashapo ya baharini yana hesabu yake ya umri, inayotokana na vijidudu vyenye makombe na mabadiliko ya usumaku wa dunia, ugomvi wa nchi kavu uliweza kupimwa kwa kitabu kingine. Tabaka moja kati ya hayo lilipata umri wa miaka kiasi cha milioni 3.4.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, nao ndio ninaoupenda, kwa sababu ulipinga jambo ambalo wengi walikuwa wamekwisha kulifundisha. Miaka takriban 74,000 iliyopita volkano ya Toba katika Sumatra ililipuka kwa nguvu ambayo Krakatoa haikuifikia hata kwa mbali. Ilitoa zaidi ya kilomita za ujazo 2,000 za mwamba ulioyeyuka. Vioo vyake vimekutwa katika mashapo ya Bahari ya Hindi, pamoja na Ghuba ya Bengal na Bahari ya Arabuni. Katika miaka ya 1990 baadhi ya wataalamu walisema kwamba majivu na gesi zile zilizuia jua, dunia ikaingia baridi ya miaka, na binadamu wa Afrika wakakaribia kwisha. Hadithi hiyo ilienea upesi, maana ni hadithi inayosisimua.

Mwaka 2005 ilichimbwa sakafu ya Ziwa Nyasa, ziwa ambalo wanafunzi wa Mbamba Bay huliona kila asubuhi, na zikapatikana nguzo ndefu za tope. Mwaka 2013 Christine Lane, Ben Chorn na Thomas Johnson walitangaza kwamba ndani ya tope hilo, takriban mita 28 chini ya sakafu, walikuta chembe za kioo cha Toba, zisizoonekana kwa macho, zilizosafiri zaidi ya kilomita 7,000. Sasa ukurasa wa siku ile ulikuwa umejulikana. Wakaangalia tope lililo chini ya chembe zile na lililo juu yake, wakitafuta dalili za baridi kali katika mabaki ya viumbe vidogo vya ziwani. Hawakuikuta. Katika sehemu hii ya Afrika tope haliungi mkono habari ya baridi kubwa ya miaka mingi. Punje chache za kioo, ambazo zingepotea katika kucha ya mtoto, zilitosha kuitikisa hadithi kubwa.

Je, pwani ya Mtwara? Ng'ambo ya mlango wa Ruvuma sakafu ya bahari hushuka upesi kuelekea vilindini. Kiasi cha kilomita 350 mashariki, katika Ngazija, upo mlima Karthala, ambao mwaka 2005 ulimwaga majivu juu ya vijiji na kuchafua maji ya visima vya mvua. Mbali zaidi, karibu na Mayotte, mwaka 2019 wataalamu waligundua mlima mpya wa volkano uliozaliwa chini ya bahari, uliopewa jina la Fani Maoré. Kwa hiyo bahari yetu si bahari iliyolala. Hata hivyo, mwalimu asimwambie mtoto kwamba jiwe fulani limetoka mlima fulani kwa sababu mlima huo uko karibu. Bila kupimwa viungo vyake, jiwe la ufukweni ni pumisi iliyokuja kwa maji, basi. Kama shule inapeleka watoto kuokota katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na waombe ruhusa kwanza, wala wasiguse matumbawe yaliyo hai.

Mwanachuo niliyemtaja mwanzoni alirudi darasani wiki iliyofuata na ndoo, kipande cha tumbawe na lile jiwe. Akawaambia watoto, "Juma lililopita nilisema hili ni tumbawe. Leo tulijaribu." Walipokwisha kuona, mvulana mmoja wa nyuma alinyanyua mkono akasema kwamba amejua asili yake: mjomba wake yuko Tukuyu, kule kuna mlima Rungwe, nao ni volkano, basi Ruvuma ndio ulioleta jiwe. Lilikuwa wazo zuri, maana Rungwe kweli ulirusha pumisi nyingi miaka kiasi cha 4,000 iliyopita. Mwanachuo hakumkatalia. Alimwita mbele, akampa kijiti, akamwambia afuate maji katika ramani ya ukutani. Mvulana alianzia Rungwe, akashuka Ziwa Nyasa, akatoka kwa mto Shire, akaingia Zambezi, na kijiti kikafika baharini mbali sana kusini ya Ruvuma. Akarudi juu, safari hii akaanzia baharini, akafuata Ruvuma kwenda bara hadi milima ya Matogoro karibu na Songea, asikute volkano njiani. Alisimama kidogo mbele ya ramani. Kisha akaihamisha ncha ya kijiti upande wa mashariki, kwenye rangi ya buluu, akauliza mkondo unaanzia wapi.